Wanaokoroma mchana: ushauri kwa mwenyekiti wa mtaa wenye maskani ya unga

Yule kijana alikuwa anakoroma. Saa tisa mchana, chini ya mwarobaini nyuma ya ofisi yetu ya serikali ya mtaa, huku Temeke, wenzake walikuwa wamemlaza chali kwenye boksi lililotandazwa. Mkoromo wake ulikuwa mzito, una majimaji kooni. Nilipita pale nikasema, mwacheni alale. Niliporudi kutoka kuswali alasiri mkoromo ulikuwa umekoma na wenzake wametawanyika. Alibaki mmoja tu, anammwagia maji usoni huku analia. Midomo ya yule kijana ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Usiku mjomba wake alikuja kuomba barua ya mazishi. Kwenye sababu tukaandika "kifo cha ghafla", nikagonga mhuri.

Nimeongoza mtaa vipindi viwili, kuanzia 2014 hadi 2024, na haya nawaandikia wenzangu walioshika ofisi baada yetu, hasa wale ambao mtaa wao una maskani ya unga, yaani vijiwe vya watumiaji wa heroini. Najua unavyofikiriwa mzigo huu: ni kazi ya wizara, ni kazi ya polisi, ni kazi ya hospitali kubwa. Lakini mtu aliyezidiwa na heroini ana dakika chache, na katika dakika hizo wizara haipo. Aliyepo ni wewe, mjumbe wako, vijana wa ulinzi shirikishi na dereva wa bajaji pale kona.

Anza kwa kuujua mkoromo. Heroini inapozidi huusahaulisha mwili kupumua. Mtu haanguki kwa kishindo, anaonekana kama amelala tu. Mwite, mtikise, msugue kifua kwa ngumi. Kama haamki, pumzi zinakuja moja moja kwa mbali, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, basi huyo hajalala. Mwinue kidevu, kichwa kiende nyuma, mbane pua, mpulizie pumzi moja mdomoni kila baada ya sekunde tano. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe. Maskani wana tiba zao: maziwa, maji ya chumvi, maji ya baridi, kumkokota mtu atembee. Nimeziona zote. Zinakula muda, na maziwa kwa mtu asiyejitambua yanaweza kuishia kwenye mapafu.

Sasa polisi, na hapa ndipo nilipochelewa kuelewa. Baada ya mazishi niliwafuata wale vijana nikawauliza mbona hawakuniita. Mmoja akanijibu bila hasira: "Mzee, tukikuita wewe, linakuja difenda." Sikuwa na la kusema, maana ni kweli mara mbili tatu gari hilo la polisi nililiita mimi mwenyewe, wananchi wakilalamikia wizi wa vyombo na nyaya. Na wale waliothubutu kumbeba mwenzao hadi zahanati waliulizwa PF3 kwanza, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kana kwamba wamempiga. Wakamwacha kwenye benchi wakakimbia.

Kwa hiyo kabla ya dawa, kabla ya semina, kaa meza moja na polisi kata, mkuu wa kituo na mganga mfawidhi wa zahanati. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 hatuwezi kuibadilisha sisi, wala siombi muuzaji aachwe. Mnachokubaliana ni mpangilio: mgonjwa ahudumiwe kwanza, karatasi zifuate, na aliyemleta asikamatiwe mlangoni kwa sababu tu amemleta. Sisi ilituchukua vikao vitatu. Cha kwanza kilivunjika. Katika cha tatu mganga alimuuliza afande, mimi na wewe, nani anataka maiti kwenye benchi lake? Wakakubaliana hapo. Baada ya hapo nenda maskani mwenyewe ukawaambie, kwa mdomo wako. Tangazo la ukutani hawataliamini.

Kisha wafundishe wao. Mateja ndio wanaokuwepo mtu anapozidiwa, na wanajua nani kachanganya unga na pombe au vidonge vya usingizi, mchanganyiko unaoongeza sana hatari ya kufa. Wafundishe pia ulinzi shirikishi. Najua baadhi ya vikundi vinajulikana kwa virungu, na nilikuwa nacho cha namna hiyo. Lakini wao ndio wako macho saa nane usiku.

Usiku mmoja walisikia mkoromo kwenye gofu karibu na mtaro. Mwaka mmoja nyuma wangepiga tochi wakacheka, wakapita. Safari hii mmoja alipiga magoti, akampulizia, mwingine akakimbilia bajaji. Walimfikisha zahanati akiwa anavuta pumzi za kuhesabika. Muuguzi akamchoma naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini, kwenye msuli wa paja, akasubiri, akamchoma tena, na kijana akafumbua macho. Hakushukuru mtu. Alitapika, akatukana, akataka kuondoka, kwa sababu naloksoni inaukata unga nguvu kwa ghafla na arosto, yale mateso ya kuukosa unga, inaingia palepale.

Usimruhusu aondoke. Naloksoni hufanya kazi kati ya nusu saa na saa moja na nusu hivi, heroini inaweza kuwa bado imo, na mtu akarudi kulekule alikotoka akiwa peke yake uchochoroni. Muuguzi alikaa naye hadi alfajiri akimpa maji kidogo kidogo na kumsikiliza matusi yake. Namheshimu sana yule mama.

Dawa yenyewe haileweshi, na ukimchoma mtu ambaye hakutumia unga wala dawa za jamii yake, haimdhuru. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na tangu 2014 shirika hilo linashauri iwafikie hata watu wa kawaida wanaoweza kumshuhudia mtu akizidiwa, wakishafundishwa. Hoja hiyo ibebe kwa mganga mkuu wa wilaya. Kwenye kamati ya usimamizi ya zahanati una wawakilishi wa wananchi, waambie waulize wakati wa kuandaa mpango na oda ya dawa: naloksoni imo? Wakijibiwa imo, waulize swali la pili: funguo ya kabati inalala kwa nani? Kwetu ililala kwa mtu anayeishi Mbagala.

Usafiri pia. Kwa mama wajawazito tayari tumeonyeshwa njia, mpango wa m-mama unawatumia madereva wa jamii na kuwalipa pale gari la wagonjwa linapokosekana. Mtaa unaweza kuiga kwa udogo wake: bajaji mbili, namba za simu zijulikane, nauli itoke kwenye makusanyo ya ulinzi mkishakubaliana kwenye mkutano mkuu wa mtaa. Wapo watakaopinga, kwamba hela yao inawabeba wezi. Wape nafasi waseme. Kwetu alisimama bibi mmoja akasema mwanawe ni mmoja wa hao wezi, na anamtaka akiwa hai. Mikono ikanyooshwa.

Waangalie zaidi wanaorudi kutoka gerezani, mahabusu au soba, zile nyumba za kuachia unga. Wamekaa miezi bila unga, mwili umesahau, mtu anarudia kete zilezile alizozizoea zamani na zinamlaza. Yule wa mwarobaini alikuwa ametoka mahabusu siku tatu kabla. Laiti ningejua jambo hilo moja. Siku hizi namwambia mzazi waziwazi: usimwache peke yake wiki mbili za mwanzo, na mpeleke kwenye methadoni, dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya heroini. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Hutolewa bure, mtu hunywa kila siku mbele ya mhudumu, na anayeendelea nayo hupungukiwa sana na hatari ya kufa kwa kuzidisha. Tatizo ni nauli ya kila siku, na dharau za kwenye daladala. Barua ya utambulisho kutoka kwako iandike siku hiyohiyo anapoiomba, usimwambie njoo kesho.

Jambo la mwisho ni barua za mazishi. "Kifo cha ghafla", "homa", "alianguka": familia zinaomba hivyo kwa aibu, na mimi niliandika. Sikuambii uwaumbue. Lakini weka daftari pembeni, bila majina: tarehe, umri, mahali, kama alikuwa ametoka kifungoni, kama kulikuwa na mtu naye. Nilipoliweka daftari hilo mezani kwenye kamati ya maendeleo ya kata, diwani alilisoma ukurasa kwa ukurasa kikao kikiwa kimya, halafu akaomba kulibeba halmashauri.

Lilirudi, na nilimkabidhi mwenyekiti mpya pamoja na mhuri. Mstari wa kwanza ni wa kijana wa miaka ishirini na mbili, chini ya mwarobaini, saa tisa mchana, wenzake wapo.