Afya kwa wote si lazima hospitali ziwe za serikali

Wapo wanaodhani afya kwa wote ni lazima serikali imiliki hospitali zote. Hapana, serikali kuhakikisha kila mtu anatibiwa hakumaanishi hivyo. Ujerumani hutumia mifuko ya bima ya lazima, mwajiri na mfanyakazi wanachangia; ilianza na wafanyakazi mwaka 1883, enzi za Bismarck, kansela wa Ujerumani. Uingereza ilichagua kulipia matibabu kwa kodi, mwaka 1948. Kanada nayo ni kodi, ila madaktari wengi wamejiajiri. Mimi naunga mkono kabisa kila mtu ahakikishiwe matibabu. Nimekaa dirisha la malipo hospitalini miaka kadhaa, nikaona mama anahesabu sarafu mara mbili, kisha anamfunga mgongoni mtoto mwenye homa na kuondoka bila dawa. Ila bima ya michango pekee haitoshi: asiye na kipato lazima alipiwe na serikali.