Nyumba ya Kosher Si Lazima Ikufilisi

Mara tu baada ya Pasaka ya Kiyahudi niliandikiwa na dada mmoja anayeishi Manchester. Kwao ni Nakuru, ameolewa katika familia ya Kiyahudi kama mimi, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Dada, kabati hazifungiki, akaunti imekauka, na mama mkwe anasema bado nimepungukiwa na sahani. Wewe unawezaje?" Nilimjibu usiku uleule. Lakini najua hayuko peke yake, kwa hiyo naweka hapa jibu lote.

Kwetu Pasaka ya mwaka huu imeisha bila deni, na nalisema hilo kwa fahari. Ninazijua nyumba ambazo sikukuu huisha kwa siku nane, deni lake likafika hadi Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, mwanzoni mwa vuli. Watu wa nyumba hizo si wabadhirifu. Ni watu wa mshahara wa kawaida wanaojaribu kushika amri za Mungu, halafu wanaaminishwa kwamba amri hizo zinauzwa dukani.

Kwa wasiojua: kosher ni kile kinachokubalika katika sheria zetu za chakula. Torati inatukataza kuchanganya nyama na maziwa, kwa hiyo kila chombo jikoni kina upande wake. Sufuria ya mchuzi wa kuku haichemshi maziwa kamwe. Ikifika Pasaka, siku nane kwa sisi tulio nje ya Israeli, mkate na kila chenye chachu kinaondoka, vyombo vya mwaka mzima vinafungiwa, na vinatoka vya Pasaka, navyo vya nyama mbali na vya maziwa mbali. Hizo ni seti nne katika nyumba ambayo pengine ina vyumba viwili vya kulala. Ndiyo maana nasema nyumba ya kosher hujaa haraka kuliko nyumba yoyote nyingine.

Mimi mama yangu aliuza mitumba Gikomba, soko la Nairobi. Belo likikatwa alfajiri, wanaochagua kwanza wanachukua kamera, ile nguo safi isiyo na kasoro, na fagia inabaki kwa atakayechelewa. Mama alinifundisha kuishika nguo kabla sijauliza bei: geuza ndani uone mshono, angalia kwapa, angalia ukosi, vuta zipu mpaka mwisho. Leo naishi Golders Green, kaskazini mwa London, na maduka yanayouza vitu vilivyotolewa sadaka ninayafikia kwa miguu. Mikono ni ileile ya Gikomba. Kilichoongezeka ni sheria tu, na sheria hiyo, ukiijua vizuri, inakuokolea pesa.

Kwa vyombo, angalia kimetengenezwa na nini kabla ya kuangalia uzuri. Chuma kitupu, kama sufuria ya stenlesi au kijiko, kinaweza kufanywa kosher: unakisugua mpaka kitakate, unakiacha saa 24 bila kutumiwa, kisha unakitumbukiza kwenye maji yanayotokota. Kikaango na trei ya kuchomea ni habari nyingine, hivyo vinahitaji moto wenyewe, na mimi siviokoti. Chungu cha udongo na sahani za kauri hazitakasiki, hata ziwe nzuri namna gani na bei iwe ya bure. Glasi ina mjadala: Wasefaradi, Wayahudi wenye asili ya Uhispania, wanasema haifyonzi ladha ya chakula, sisi wa upande wa Ashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, tunaikazia, hasa kwa Pasaka. Ukitoka nyumbani ukiwa unayajua hayo, rafu nzima ya sahani zenye maua unaipita bila hata kusimama.

Vijiko vyangu vya nyama vya Pasaka nilivipata hivyo. Vilikuwa kwenye kisanduku cha mbao chenye kitambaa cha buluu ndani, vizito, vimepakwa fedha, na kwenye mpini zimechongwa herufi za majina ya mtu nisiyemjua. Niliomba kuuziwa vijiko na uma peke yake, visu nikaviacha, kwa sababu mpini wa kisu cha zamani hugundishwa, na ule ufa kati ya mpini na bapa hushika chakula ambacho maji ya moto hayakifikii. Nyumbani nikavisugua, vikapumzika siku yake, vikachemshwa. Kisha nikavipeleka kwenye mikve ya vyombo, yaani bwawa la maji ya utakaso, maana chombo cha chuma au glasi kilichotoka kwa asiye Myahudi huzamishwa humo kabla ya kutumiwa. Hapo ndipo kazi ya kucha ilipo. Karatasi ya bei lazima itoke yote pamoja na gundi yake, maji yaguse chuma kila mahali. Mafuta ya kupikia kidogo kwenye pamba huilainisha. Nilisimama pale na kapu, baridi inauma, nasugua kijiko kimoja kimoja kwa kidole gumba, nikasema baraka, nikavizamisha.

Tulipovitumia mara ya kwanza mezani, jamaa mmoja wa upande wa mume wangu aliinua kijiko, akazisoma zile herufi, akauliza mbele ya wageni wote: "Hivi ni vya nani? Angalau kijiko mtu hununua chake." Nilinyamaza. Mume wangu naye alinyamaza, na nitasema kweli, hilo liliniuma zaidi. Vijiko ni halali, sheria yake imetimizwa yote, lakini aibu niliyopewa usiku ule haikutokana na sheria.

Ndiyo maana nazungumza kwa nguvu juu ya jambo hili. Ni Rabi Akiva, ndani ya Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi wa kale, anayefundisha kwamba ni afadhali Sabato yako iwe kama siku ya kawaida kuliko kuwategemea watu. Yaani Sabato yenyewe, siku tunayoiita malkia! Kama Sabato inaweza kupunguziwa mapambo ili usiombe, sembuse seti ya sahani? Jamani, acheni kukopa ili mgeni asizungumze. Mgeni atazungumza tu.

Sasa kuhusu kupunguza vitu. Wiki za kabla ya Pasaka, nyumba ya Kiyahudi inafungua kila droo kutafuta chachu. Wengi wetu tunageuza kazi hiyo kuwa kuosha mapazia na kung'arisha vioo, tunafika usiku wa Seder, mlo wa kufungulia Pasaka, tumechoka. Vumbi si chachu. Mimi nimeamua muda huo niutumie vingine: droo ikishafunguliwa, kila kilichomo kinajieleza kilitumika lini mara ya mwisho. Kisichoweza kujieleza kinatoka. Na sinunui chombo chochote mpaka kila droo iwe imefunguliwa, kwa sababu mara nyingi kile unachotaka kununua tayari unacho chini ya kingine.

Kuna droo zenye mzigo wa peke yake. Kwetu kulikuwa na kofia za satini za arusi, kila moja imepigwa chapa ndani jina la bwana na bibi arusi na tarehe, na vile vijitabu vya sala ya baada ya chakula ambavyo wageni hupewa waende navyo. Kofia ni kitambaa tu, mbakizie kila mwanamume ya kwake na za wageni chache. Vijitabu vina Jina la Mungu, huwezi kuvitupa. Hapo ndipo watu wanapokwama, wanarudisha kila kitu ndani na kufunga droo. Ukumbini kwetu yalikaa masanduku ya babu wa mume wangu, vitabu vya sala vilivyopasuka mgongo, kurasa zinamwagika ukigusa, na kila mtu aliogopa kuyasogeza.

Njia ipo na ni ya kale. Maandishi matakatifu yaliyochakaa huwekwa kwenye geniza, yaani chumba cha kuyahifadhi, baadaye yakazikwa kwa heshima. Sinagogi ya Ben Ezra ya Kairo ilijaza chumba chake kwa karne nyingi, na msomi Solomon Schechter alipofika huko miaka ya 1896 na 1897 alirudi na shehena kubwa: leo vipande zaidi ya 190,000 viko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Sinagogi yenu kwa kawaida ina mahali pake, uliza. Na si kila chenye herufi za Kiebrania ni kitakatifu. Tangazo la duka la nyama ni tangazo tu.

Vinavyotoka vikiwa vizima visiende jalalani. Kumbukumbu la Torati 20:19 inakataza jeshi kukata miti ya matunda wakati wa kuzingira mji, na wahenga wetu wakaipanua amri hiyo ifike kwenye kila uharibifu. Maimonides, mwanachuoni wetu wa zama za kati, anamtaja kwa wazi anayevunja vyombo na kurarua nguo. Lakini hapa nina neno la kuwaambia ndugu zangu wa London, na nalisema kama mtoto wa Gikomba: fueni nguo kabla ya kuitoa. Shoneni kifungo. Nguo ambazo maduka haya hayakuziuza, nyingi hufungwa belo zikasafirishwa, na Kenya ni moja ya nchi zinazozipokea. Nimemwona mama akikata belo alilolilipia kwa mkopo na kutoa ndani yake soksi za mguu mmoja na shati lenye jasho la mtu. Kumtupia maskini uchafu wako si sadaka. Si sadaka hata kidogo.

Kwenye chakula siri ni chache. Nyama ya kosher ni ghali, basi nunua kuku mzima umkate mwenyewe, mifupa iwe supu ya Ijumaa. Kabla ya Pasaka soma orodha ya London Beth Din, mahakama ya marabi inayothibitisha vyakula vya kosher, kabla hujachukua kapu, maana vipo vingi visivyohitaji chapa maalumu. Mayai na mboga mbichi hazidai nembo. Sisi hatuli mahindi wala maharagwe siku hizo, kwa hiyo unga wangu wa ugali unafungiwa kabatini, lakini hautupwi. Na Pasaka ikiisha, nenda dukani: matza, ule mkate usio na chachu, na unga wake hushushwa bei, angalia tarehe tu.

Vitu vya muda, kama kitanda cha mtoto mchanga, viti vya wageni, hata gauni la bibi arusi, usinunue. Kuna gemach, watu wanaoazimisha bure kwa ajili ya Mungu. Suti ya sufu ya mitumba ni kamera ya hali ya juu, ila Torati inakataza sufu na kitani katika nguo moja, na kitani hujificha ndani ya ukosi ambako lebo haisemi. Ipeleke kwa mkaguzi kwanza. Ada yake ukijumlisha na bei, bado iko mbali sana na suti mpya.

Na wewe dada yangu wa Manchester, zile sahani za kauri ulizoniambia mlipewa na shangazi wa mumeo, ambazo hakuna anayekumbuka zilitumika kwa nyama au kwa maziwa: usizitoe wala usizitumie kabla ya kumpigia rabi wenu, umweleze pia zimekaa muda gani bila kuguswa, maana hilo lina uzito kwake. Akisema hazifai kwenu, zifunge vizuri kwa magazeti uzipeleke dukani Jumapili, na rafu ile iache wazi. Mama mkwe akiuliza pengo ni la nini, mwambie ni la vyombo vya wajukuu wake vya Hanuka, sikukuu yetu ya taa, na umpe chai.