Dada, mbona ubaguzi wa Brazil haufanani na wa Marekani?

SWALI: Dada shikamoo. Mdogo wangu wa kiume alisoma Marekani, saa hizi kapata kazi São Paulo. Mwanzoni kila akipiga simu anasema huku raha, watu wamechanganyika, hakuna mambo ya weusi kule weupe huku. Juzi kaenda kwa bosi wake, mlinzi wa jengo akamwonyesha lifti ya nyuma, ile ya mizigo. Amekosa raha mpaka leo, anajiuliza labda ni yeye tu katoka Marekani na wasiwasi wake. Ni ubaguzi ule ule au? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Mpe pole sana na mwambie hajakosea hata kidogo.

Hiyo lifti ina historia. Maghorofa mengi ya Brazil yana lifti mbili, moja ya wakaazi na wageni, nyingine ya dada wa kazi, mafundi na mizigo, na hakuna bango la kusema mweusi asipande hii, mlinzi anakuangalia tu usoni, anaangalia na nguo, anaamua we ni mtu wa wapi. Mambo yalizidi mpaka jiji la São Paulo likatunga sheria mwaka 1996 kukataza kubagua watu kwenye lifti, na tangazo la hiyo sheria linabandikwa pale pale kwenye lifti!

Sasa Marekani wao walishika damu. Homer Plessy wa Louisiana alikamatwa 1892 kwa kukaa behewa la wazungu, na yule ukimwona ungesema mzungu kabisa maana asili yake ya Kiafrika ilikuwa moja ya nane tu, lakini sheria ikamhesabu mweusi na 1896 Mahakama Kuu ikabariki utengano. Virginia nao mwaka 1924 wakaandika kwamba tone tu la damu ya Kiafrika linakutoa kwenye uzungu, na marufuku ya wazungu kuoana na weusi ikaja kufutwa 1967. Mdogo wako kazoea nchi ambayo mstari ulichorwa na sheria, kila mtu anajua uko wapi.

Brazil hawakuchora mstari. Walipelekwa Waafrika karibu milioni 5 kule, kuliko nchi nyingine yoyote ya Amerika, na ndiyo ilikuwa ya mwisho huko kufuta utumwa, 1888. Walioachiwa huru hawakupewa ardhi wala chochote, huku São Paulo ikiwalipia nauli ya meli wahamiaji kutoka Ulaya waje kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa. Basi rangi na umaskini vikagandana bila sheria yoyote ya utengano. Na watu kweli wamechanganyika, sensa ya 2022 zaidi ya asilimia 45 walijiandikisha machotara, ila ndani ya huo mchanganyiko kila mtu anapimwa, weusi wa ngozi, nywele, kazi, mtaa anaotoka, na vipimo vinabadilika kutegemea nani anakupima.

Kinachoniuma mimi ni kwamba wakubwa wa Brazil kwa miaka mingi walikuwa wanajisifu hawana ubaguzi, ushahidi wao eti hawana mabasi ya wazungu kama Marekani. Yaani kipimo cha jirani ndo wakajitolea cheti! Ufaransa nao kwenye sensa hawaulizi rangi ya mtu kabisa, lakini 2016 mahakama yao ya juu iliikuta serikali na hatia kwa polisi kusimamisha vijana kwa sababu ya sura zao.

Huyo mdogo wako asinyamaze. Katiba ya Brazil ya 1988 inasema ubaguzi wa rangi ni jinai, haina dhamana na haifi kwa kupita muda, na 2023 wakaongeza kwamba hata kumtusi mtu kwa rangi yake ni kosa la uzito huo huo. Aandike tarehe, saa na jina la jengo, amwombe bosi wake awe shahidi na waulizie picha za kamera mapema kabla hazijafutwa, halafu aende polisi na mtu anayejua Kireno vizuri.