Kaburi la Selous

Swali: Shikamoo Mzee. Babu yangu alikuwa askari wa wanyamapori Rufiji, akitusimulia habari za kaburi la Selous. Ni nani huyo, na naweza kufika?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Frederick Selous alikuwa mwindaji Mwingereza. Mwaka 1890 ndiye aliyeongoza njia ya msafara wa kampuni ya mkoloni Mwingereza Cecil Rhodes kuingia Mashonaland, Zimbabwe ya leo. Wenyeji walipoteza ardhi yao, nasi tusilifiche hilo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika kwetu alijiunga akiwa na miaka zaidi ya sitini, akapigwa risasi na Wajerumani huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Alizikwa hapohapo.

Kufika, fika. Ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ila nenda kiangazi, masika barabara hazipitiki. Nilipokwenda nilikuta kaburi la kawaida tu chini ya miti. Nikavua kofia, nikamwombea. Kisha nikawaombea wapagazi wetu, maelfu kwa maelfu waliokufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya vita vile, wengi bila hata kaburi lenye jina. Ukifika, mwanangu, nao uwataje.