Pullman: mabehewa na waliotandika vitanda vyake

Sherehe ya urithi wa reli katika mtaa wa Pullman, Chicago, imeniletea maswali mengi. Nayajibu haya.

Kwa nini sherehe ya mabehewa ya zamani izungumzie haki za Weusi?
Kwa sababu sifa ya behewa la kulala la kampuni ya Pullman ilikuwa huduma, na waliotoa huduma hiyo ni wanaume Weusi, wengi wa mwanzo wakiwa wametoka utumwani. Walitandika vitanda, wakabeba mizigo, wakang'arisha viatu usiku abiria wamelala. Mshahara ulikuwa mdogo, wakategemea bakshishi. Agosti 25, 1925, huko Harlem, New York, walianzisha chama chao cha wafanyakazi na kumpa uongozi mwanaharakati A. Philip Randolph. Yeye hakuwa mwajiriwa wa Pullman, kwa hiyo kampuni haikuweza kumfukuza kazi. Nauheshimu mno uamuzi huo. Mkataba na kampuni ulitiwa saini Agosti 25, 1937: miaka 12 kamili ya kubanwa, wengine wakipoteza kazi njiani. Saa za kazi zikashuka kutoka karibu 400 kwa mwezi hadi 240.

Ni kweli abiria waliwaita wahudumu wote "George"?
Kweli. Lilikuwa jina la mwenye kampuni, George Pullman, kama vile watumwa walivyoitwa kwa majina ya mabwana zao.

Mgomo wa 1894 nao unahusika?
Unahusika, ila usisimuliwe nusu. Kampuni ilipunguza mishahara bila kugusa kodi za nyumba ilizowapangisha wafanyakazi wake. Chama cha reli cha Eugene Debs kikasusia treni zenye mabehewa ya Pullman, na Rais Grover Cleveland akatuma jeshi. Lakini chama hichohicho kilikuwa kimekataa wanachama Weusi. Hilo nalo lisemwe jukwaani.

Pullman na Montgomery, mji wa Alabama wa mgomo wa mabasi, wapi na wapi?
E. D. Nixon, aliyesaidia kumwekea dhamana Rosa Parks, mwanamke Mweusi aliyekamatwa mwaka 1955 kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti cha basi, na kuandaa mgomo huo wa kususia mabasi, alikuwa mhudumu wa Pullman na kiongozi wa chama hicho Montgomery. Uzoefu wa kupanga watu alikuwa nao tayari. Naye Randolph ndiye aliyeongoza maandamano ya haki za Weusi ya Washington ya 1963.

Nikienda na watoto, tuanzie wapi?
Anzeni kwenye makumbusho ya wahudumu, yenye jina la Randolph, ndipo mpande mabehewa. Wakishaijua kazi yenyewe, waonyesheni kile kitanda cha juu kinachokunjwa, wakisie vilikunjwa vingapi kila asubuhi.