Daftari la maswali yaliyonishinda

Niliajiriwa maktaba enzi ambazo ujuzi wa mkutubi ulikuwa vidoleni: unavuta droo ya kadi, unapekua, na msomaji hajamaliza kutaja jina la mwandishi wewe umeshajua rafu. Kazi hiyo niliiweza sana. Basi kompyuta zilipoletwa, nami nikiwa na miaka arobaini na sita, nilizifanyia nilichoona kinafaa. Nilizifunika kitambaa zisiingie vumbi.

Tukapelekwa semina. Siku tatu, ukumbi una kipoza hewa, slaidi haziishi, na kompyuta ukumbini ilikuwa moja tu, ya mkufunzi. Tulipewa makabrasha, cheti na posho. Jumatatu narudi kazini, ninachokikumbuka vizuri ni pilau ya siku ya pili. Siwasemi vibaya walioiandaa, ila sijapata kuona mtu aliyejifunza kuogelea kwa kuoneshwa picha ya bahari.

Aliyenifungua macho ni kijana wa fildi, mwanafunzi wa ukutubi aliyeletwa kwetu kwa wiki nane. Siku moja alinisikia nikimwambia msomaji, "Hicho hatuna." Yule msomaji alipoondoka, kijana akaniuliza kwa adabu zake zote, "Samahani mama, huwa mnaandika mlichokosa?" Hatukuwa tukiandika. Tulikuwa na rejesta ya walioingia, ya vitabu vilivyoazimwa, ya vilivyopotea na hata ya magazeti yaliyochelewa. Waliotoka mikono mitupu hawakuwa na rejesta yao.

Nikanunua kaunta buku ya kwaya mbili, nikaiweka chini ya kaunta. Kila swali lililonishinda niliandika: tarehe, swali, na aliyeuliza kwa kifupi bila jina lake (mwanafunzi, mstaafu, mama wa duka). Kila Ijumaa mchana, wasomaji wakipungua, nachagua swali moja tu na kuuliza ni chombo gani cha mtandaoni kingelijibu. Hicho ndicho ninachojifunza, basi. Cha pili kinasubiri Ijumaa nyingine.

Ndugu mkutubi mwenzangu unayesoma hapa, ushauri wangu wote umo humo. Usianze na chombo. Anza na mtu aliyesimama mbele yako ukashindwa kumsaidia.

Swali la kwanza lilikuwa la mstaafu aliyetafuta tangazo alilowahi kulisoma kwenye tovuti ya ofisi fulani. Tovuti ilikuwa imetengenezwa upya na tangazo halikuwepo tena. Zamani ningempa pole. Kijana akanionesha Wayback Machine, ghala la kurasa za zamani za tovuti, la Internet Archive, lililofunguliwa kwa umma mwaka 2001. Unabandika anwani ya ukurasa, inakuletea kalenda, na siku ambazo ukurasa ulihifadhiwa zina vidoa vya duara. Unabofya siku, unauona ukurasa ulivyokuwa siku hiyo. Si kila ukurasa umehifadhiwa, na mara nyingi picha hazitokei. Lile tangazo tulilipata. Mzee aliomba tumchapie nakala mbili, moja akasema ya kuficha kabatini.

Kuanzia hapo nikapata tabia: nikikutana na ukurasa wenye manufaa kwa wasomaji wetu, naomba uhifadhiwe hapo hapo. Inachukua dakika moja, na hakuna aliyenituma.

Swali la pili lilinipa aibu kidogo. Mwanafunzi wa uuguzi alitaka makala ya jarida la kitabibu, na kila alipobofya aliombwa alipe dola. Ndipo nikajua habari za mpango wa Research4Life. Sehemu yake ya afya, Hinari, ilianza mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani. Wachapishaji hufungua majarida yao kwa vyuo, hospitali na taasisi za nchi zenye kipato kidogo, bure au kwa ada ndogo. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja. Nikamwambia yule binti akaulize maktaba ya chuo chake. Akarudi akicheka: chuo kilikuwa kimesajiliwa siku zote, na nywila ilikuwa kwa mtu ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwuliza. Kumbe Ijumaa nyingine utajifunza chombo usichokitumia wewe kabisa, ila ujue tu pa kumwelekeza mtu.

Sasa Koha. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipotoka jasho.

Koha ni programu ya kuendeshea maktaba: katalogi (orodha ya vitabu), kuazimisha, wanachama, yote. Ilitengenezwa Nyuzilandi kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000, na jina lake kwa Kimaori ni zawadi. Ni bure kuichukua. Umeme, mashine na mtu wa kuitunza si bure, na hilo mwambie mkuu wako mapema asije akashangaa baadaye.

Nilipofungua ukurasa wa kuingizia kitabu nilitaka kulia. Namba tupu! 020, 082, 100, 245, 300, 650. Kijana akaenda kwenye droo, akachomoa kadi moja niliyoiandika kwa mkono wangu miaka mingi nyuma, akailaza kando ya kioo. "Mama, hii ni ile kadi yako tu." Akaanza kunyoosha kidole. Jina la mwandishi hapa juu ndiyo 100. Jina la kitabu 245. Kurasa na sentimita 300. Namba ya Dewey uliyoandika pembeni, ile ya kupangia vitabu rafuni, ndiyo 082. Mada, 650. Nilikuwa naijua kazi hiyo kwa miaka ishirini, sikuwa najua majina yake mapya tu.

Vitabu vingi vya Kiingereza huhitaji kuviandika. Unaingiza ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), Koha inaenda kuuliza Maktaba ya Bunge la Marekani au maktaba nyingine kubwa, na rekodi inakuja imekamilika. Vya Kiswahili, hasa vilivyochapwa hapa kwetu, mara nyingi hutapata kitu. Hivyo unaandika mwenyewe, na ukishaandika vizuri huenda hiyo ndiyo rekodi pekee ya kitabu hicho popote mtandaoni. Kwa hiyo usilipue.

Mimi nililipua. Ili niende haraka nilichukua rekodi ya kitabu cha Kiingereza, nikaifanya kiolezo, nikawa nabadilisha jina la kitabu na mwandishi. Vitabu mia na arobaini! Wiki mbili baadaye mwalimu mmoja akaja kulalamika: akichuja katalogi yetu kwa lugha ya Kiswahili, hadithi nyingi anazoziona kwa macho yake rafuni hazitokei. Kumbe ndani ya kile kiolezo alama ya lugha ilibaki *eng* badala ya *swa*. Nilikuwa nimezigeuza riwaya zetu zote kuwa za Kiingereza. Nilizirekebisha moja moja kwa siku nne, na sikumsimulia mtu ila kijana, ambaye kwa heshima yake alicheka akiwa ameshatoka nje.

Jambo jingine ni majina. Droo zetu zilikuwa na Shaaban Robert chini ya S na tena chini ya R, kwa kuwa wakutubi wawili wa nyakati mbili hawakukubaliana. Kwenye droo mkutubi anakumbuka, anatazama kote kuwili. Kompyuta haina huruma hiyo. Ukiandika jina kwa namna mbili, kwake hao ni watu wawili. Kaeni kikao mkubaliane jina sanifu la kila mwandishi kabla hamjaingiza hata kitabu kimoja. Kikao kifupi, bila posho.

WhatsApp mnaijua, nitasema moja tu. Nilifungua kundi la wasomaji ili niwatangazie vitabu vipya, nikawaingiza wote kwa namba walizojaza kwenye fomu za uanachama. Siku ya tatu dada mmoja akaja amekasirika: wanaume asiowajua wameanza kumtumia salamu usiku. Alikuwa na haki. Namba alitupa kwa ajili ya kitabu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, aibu ile ingenitosha. Nikalivunja kundi. Sasa natumia orodha ya matangazo, ambayo kila mtu anapokea peke yake bila kuona wengine, na namwingiza aliyekubali tu. Ujumbe huo humfikia yule aliyehifadhi namba ya maktaba kwenye simu yake, hivyo tumeibandika kwenye karatasi pale mlangoni.

Kuhusu nywila: akaunti ya ofisi isifunguliwe kwa simu ya mfanyakazi mmoja. Akihamishwa, mmekwisha.

Wikipedia niliiogopa kwa muda mrefu, kisha nikaona aibu ya kuiogopa. Ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na makala zake nyingi ni fupi na hazina vyanzo. Tangu mwaka 2016 kuna kampeni inayoandikwa #1Lib1Ref, inayomwomba kila mkutubi aongeze chanzo kimoja tu. Chanzo kimoja! Sisi tuliozungukwa na vitabu. Mara yangu ya kwanza nilinakili aya nzima kutoka kitabuni, ikafutwa upesi, na waliofuta walikuwa sahihi kwa kuwa kunakili hakuruhusiwi. Mara ya pili niliacha maandishi yalivyo, nikaongeza chanzo na namba ya ukurasa. Kipo mpaka leo.

Nimesikia baadaye kwamba njia hii ya vipande vidogo si ngeni. Mwaka 2006 Helene Blowers, wa maktaba ya umma ya Charlotte huko Marekani, aliwapangia wafanyakazi wenzake mambo 23 madogo ya kujaribu mtandaoni kwa wakati wao, na waliomaliza walipewa kicheza muziki cha mfukoni. Mimi nilijipa soda kila ukurasa wa daftari ulipojaa. Baadhi ya vyombo vya orodha ile vimeshakufa, ndiyo maana sikuandikii hapa orodha ya vyombo ukaifuata kama ilani. Daftari lako litakuwa na maswali mengine, la mkutubi wa Kigoma halitafanana na langu la pwani.

Na umeme? Hukatika, na bando huisha. Kila hatua niliyojifunza naiandika kwa mkono nyuma ya daftari, kwa maneno yangu: "bofya kule juu kulia penye mistari mitatu." Kijana alipomaliza fildi yake hakuniacha yatima, aliniacha na mwandiko wangu mwenyewe. Ukishikwa na aibu ya kufundishwa na mtoto wa kumzaa, mwulize akiwa peke yake, kisha mfundishe naye namna ya kuzungumza na msomaji mwenye hasira. Hilo lilikuwa limemshinda kabisa.

Siku hizi yameingia maswali ya namna mpya. Mwanafunzi analeta orodha ya vitabu vitano alivyopewa na ChatGPT, waandishi wana majina mazuri, miaka ipo. Natafuta kwenye katalogi yetu, natafuta WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba za dunia: viwili vipo, vitatu havijawahi kuandikwa na mtu. Mwanzoni nilidhani nimesahau kutafuta. Sasa namkalisha pembeni yangu tutafute pamoja, aone mwenyewe pale matokeo yanaposema hakuna.

Ukurasa wa wiki hii una swali la mama mkulima wa mwani. Mwani wake unageuka mweupe na kukatika, anataka kitabu cha Kiswahili kinachoeleza kwa nini. Kwa dakika kumi nilimpatia makala chungu nzima, za bure, zinazotaja joto la maji na mengine mengi, na zote ni za Kiingereza. Kwa lugha anayoisoma yeye sikupata hata moja ya kumpa. Nimechapa moja iliyo fupi na nimeanza kuifupisha kwa Kiswahili nyuma ya daftari, nikimpigia bwana wa uvuvi kila neno linaponikwama. Nimefika ukurasa wa tatu. Mama nimemwambia arudi Jumatano, maji yakijaa.