Maswali ya Wasomaji: Kusafisha Bastola ya Chuma Kisichoshika Kutu

SWALI: Mhariri, ninamiliki kwa leseni bastola ya silinda iliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, yenye mng'ao uliofifia. Nimeanza kuona vidoa vya kahawia karibu na mshikio, na weusi mgumu unaozunguka matundu ya silinda upande wa mbele. Rafiki yangu anasema vidoa vimeletwa na chumvi ya hewa ya ziwani, naye ananishauri nisugue kwa waya wa kuoshea sufuria kisha nifute kwa jiki. Je, sura ya chuma haitaharibika?
Msomaji, Milimani, Kisumu

JIBU: Itaharibika, ndugu msomaji, kwa waya na kwa jiki pia. Kabla ya kusafisha, toa risasi zote na uziweke chumba kingine, kisha kagua kila tundu la silinda kwa macho na kwa kidole.

Ziwa Viktoria ni la maji baridi, kwa hiyo rafiki yako analisingizia. Chumvi iliyoleta vidoa vyako ni ya jasho la kiganja, na ndiyo sababu vimeanzia karibu na mshikio; unyevu wa Kisumu umesaidia tu. Chuma hiki hulindwa na utando mwembamba usioonekana, ambao kromiamu iliyomo huujenga yenyewe inapokutana na hewa. Kijiko cha mezani kwa kawaida huwa na kromiamu asilimia 18 hivi pamoja na nikeli, ilhali aina ya chuma hiki iitwayo 416, inayotumika sana katika mitutu, ina asilimia 12 hadi 14, tena huongezwa salfa ili ichongeke kwa urahisi, jambo linalopunguza uwezo wake wa kustahimili kutu. Tangu watengenezaji silaha wa Marekani, Smith & Wesson walipotoa Model 60 mwaka 1965, rivolva (bastola ya silinda) iliyoufungulia njia mtindo huu, wamiliki wengi wameamini kwamba silaha ya namna hiyo haihitaji mafuta. Inayahitaji.

Jiki ina klorini, ambayo huutoboa utando huo na kuacha vishimo visivyofutika. Waya wa sufuria, ambao mara nyingi ni wa chuma cha kawaida, huacha chembe zinazonasa juu ya bastola na kushika kutu zenyewe, hata baada ya siku chache ukaona vidoa vingi kuliko vile ulivyotaka kuviondoa. Zaidi ya hayo, mng'ao uliofifia si rangi iliyopakwa, bali ni mistari myembamba iliyosuguliwa kiwandani kuelekea upande mmoja. Ukisugua kwa kuzungusha mkono, au ukitumia krimu ya kung'arisha vyuma, utapata mabaka yanayometa ambayo hayatafanana tena na sehemu nyingine.

Tumia kitambaa cha pamba, mswaki wa nailoni uliokwisha kazi, na dawa ya kusafishia bunduki. Ipake kidogo kwenye vidoa, iache ilainishe uchafu, kisha futa kwa kufuata mistari. Kidoa kikikaidi, brashi laini ya shaba inaruhusiwa, ila usiifikishe kwenye namba ya silaha, ambayo lazima isomeke na ilingane na iliyo katika cheti chako. Malizia kwa kupaka mafuta ya bunduki, utando mwembamba tu, na usiihifadhi bastola ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hufyonza unyevu na kuushikilia.

Weusi wa mbele ya silinda, kwa maoni yangu, uache. Ni masizi na madini ya risasi yaliyoyeyuka, vitu vinavyopenya kwenye upenyo kati ya silinda na mtutu. Futa yanayotoka kwa dawa, na yanayobaki hayadhuru kitu.

SWALI: Bastola yangu ni nyeupe juu na nyeusi chini. Je, dawa moja yatosha?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Dawa isiyo kali yatosha. Hadhari ni juu ya vile vitambaa vilivyolowekwa kemikali ya kuondoa masizi: kwenye chuma cheupe havina neno, lakini huondoa weusi wa chuma cha kawaida. Hakikisha pia kwamba weupe huo si nikeli iliyopakwa juu, ambayo huwa na umanjano kidogo na hubanduka kingoni, kwa maana dawa zenye amonia huweza kuiharibu. Ukiona imeanza kubanduka, usisugue. Mpelekee fundi wa silaha aliyeidhinishwa.